Mlango Unaotazama Mlima

Kijijini kwetu, chini kidogo ya Kimilili, kuna kanisa ambalo wapita njia hulisifu wakiwa barabarani. Ukisimama hapo unaona mlango mrefu uliochongoka juu, madirisha membamba yaliyochongoka vivyo hivyo, paa lililosimama karibu wima, na kileleni kijumba kidogo cha kengele. Ukizunguka nyuma unakuta mabati. Limekatwa kama mkate. Wenyeji wakiulizwa sababu husema michango ilikauka. Si kweli. Lilikatwa kwa sababu nyuma yake kuna shamba la baba yangu, na mimi nilikataa kulitoa.

Lazima nianzie Kitale, maana upumbavu wote ulitoka huko, ukasafiri kwa lori la mahindi mpaka kwetu.

Baba alikufa mwanzoni mwa miaka ya themanini, na mama akamfuata kabla mwaka haujakwisha. Nilikuwa darasa la saba, mkubwa wa watoto wanne. Nyuma yangu alikuwapo mvulana, kisha msichana, kisha mvulana mwingine ambaye bado alikuwa anajifunza kuongea. Kukhu, yaani nyanya yetu mzaa baba, aliwachukua wadogo zangu. Mimi niliacha shule nikaenda kutafuta kazi upande wa Kitale, kwenye shamba kubwa lililokuwa la Mzungu. Nilipalilia mahindi msimu mmoja. Halafu mchungaji wa kanisa lililokuwa pembeni ya shamba akatafuta mtu wa kufagia, akanichagua kwa sababu nilionekana msichana asiye na maneno mengi. Hapo alikosea.

Kanisa lile lilijengwa na mwenye shamba, Mskoti, kwa kufuata mfano wa kanisa la kijijini kwao. Mtu huyo alivuka bahari, akapata udongo mzuri na jua la mwaka mzima, na jambo alilolifikiria ni kujikinga na theluji. Paa lilikuwa na mwinuko mkali ili theluji iteleze chini. Mchungaji ndiye aliyenieleza hivyo, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetoa siri. Nilimuuliza mara ya mwisho theluji ilianguka lini Kitale. Akaniambia nikapanguse madirisha.

Madirisha yenyewe yalikuwa membamba mno, marefu, yamechongoka juu kama ncha ya mkuki, na yamejazwa vipande vya vioo vya rangi. Nje jua lilikuwa linaunguza shingo za watu, ndani tulikuwa tunawasha taa ili wazee waone maandishi ya nyimbo. Kuta zilikuwa nene kama za gereza, na bado kwa nje zilipachikwa viegemeo vya mawe, kimoja baada ya kingine, vikizizuia kuta ambazo hazikuwa na nia ya kwenda popote. Viti vilizungushiwa mbao na kuwekewa vijilango, kila familia na chumba chake, kama vizimba vya ndama. Mimbari ilikuwa juu sana na ilivishwa kofia ya mbao, eti sauti isipotee. Hakuna neno lililosemwa pale ambalo lingekuwa hasara likipotea.

Lakini kitu nilichokidharau kuliko vyote kilikuwa roshani. Ilikuwa juu ya mlango, ndani, na ngazi yake ya mawe ilipandia nje, peke yake, ili mwenye shamba asikutane mlangoni na watu waliomlimia. Nyuma ya roshani alijijengea chumba kidogo chenye meko. Kwa hiyo asubuhi za baridi ya Julai watu wa chini walikuwa wanakohoa na kusugua viganja, na yeye yuko juu anaota moto, anangoja mahubiri yaishe. Nilipofagia chumba hicho nilikuta bado kuna jivu pembeni mwa meko. Nililizoa nikalimwaga kwenye sukumawiki zangu, na hiyo ndiyo faida pekee niliyoona mtu akiipata kutoka kwenye roshani ile.

Mtu anayefagia jengo hulijua kwa namna isiyoleta heshima. Mimi nilijua mahali maji yalipopenya, kona ambayo popo waliichagua kuwa choo, na ni jiwe gani kwenye sakafu lilikuwa linacheza. Wageni walikuja wakainua vichwa, wakasema "aah". Mimi nilikuwa nawatazama viatu.

Nitasema jambo moja la haki. Asubuhi mapema, kabla mtu hajafika, jua liliingia kwa dirisha kubwa lililokuwa nyuma ya meza ya Bwana, na sakafu yote ya mbele ikawa nyekundu na kijani. Ilikuwa nzuri. Yule mjenzi aliielekeza meza upande wa macheo kwa makusudi, na mara moja kwa siku hesabu yake ilikuwa inakubali. Basi meza ikiwa mashariki, mlango ukawa magharibi, na kule Kitale magharibi ni Mlima Elgon. Ukifungua mlango unauona wote. Hayo ndiyo yaliyotuletea balaa.

Jumamosi moja lori likasimama mlangoni, wakashuka wazee wa kwetu. Walikuwa kamati ya ujenzi. Kijiji kilikuwa kimepata kiwanja kando ya barabara na kikaamua kujenga kanisa "kama lile la Kitale," si kwa sababu mtu alilihitaji bali kwa sababu kijiji jirani kilikuwa kimejenga la matofali na saruji na kikaanza kujisikia. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mzee mpole aliyevua kofia hata akiongea na watoto. Pamoja naye alikuwapo baba mdogo, yaani mdogo wake baba, mwanamume aliyetembea na kalamu mbili mfukoni ingawa sikuwahi kumwona akiandika.

"Wewe! Si huyu ni mtoto wa marehemu?" akasema. "Ati uko hapa unafagia nyumba ya Bwana na hutuambii?"

"Hamkuniuliza, baba mdogo."

"Mnaona? Hiyo mdomo ni ya mama yake."

Walipima kwa kamba ya kufungia ng'ombe, wakifunga fundo kila walipofika kwenye pembe. Walipima hata vizimba. Juu ya nguzo kulikuwa na maua yaliyochongwa kwenye jiwe, yale maua yao ya miiba ambayo Waskoti huyafanya alama ya nchi yao. Baba mdogo aliyakodolea macho muda mrefu.

"Nanasi," akasema.

"Si nanasi," nikasema. "Ni ua la miiba. Ni alama ya kwao."

"Miiba kanisani? Mayi, tumia akili. Nani anaweza kuchonga miiba? Andikeni nanasi."

Mayi ni neno letu la heshima kwa mwanamke. Yeye alilitumia alipotaka kunisukuma pembeni.

Kisha akaenda mlangoni, akasimama kizingitini. Mawingu yalikuwa yamepanda, na mlima ulikuwa wazi kuanzia kileleni mpaka kwenye mashamba.

"Kujeni mwone hii kitu," akasema. "Kujeni! Mzungu alikuwa na akili bana. Mlango unaangalia mlima."

Mwenyekiti akavua kofia. Wengine wakasimama nyuma yake, wakatikisa vichwa. Mlima ule ni wetu, mvua yetu hutoka huko, na babu zetu walishuka kutoka huko. Waliona wenyewe kwamba siri ya jengo ni hiyo na wala si nyingine. Hapo hapo ikapitishwa: la kwetu pia mlango uangalie mlima.

Niliwaambia mlango haukujengewa mlima. Niliwaambia meza ndiyo iliyowekwa kufuata jua, na mlango ukaangukia huko tu. Baba mdogo akanitazama kwa huruma.

"Jua liko kila mahali, mayi. Mlima ni mmoja."

Wazee wakacheka, na ukweli ni kwamba lilikuwa jibu zuri. Ndilo jibu pekee zuri nililowahi kulisikia kutoka kwake, na lilikaribia kutunyang'anya nyumba.

Kwa maana Kitale iko mashariki mwa mlima, sisi tuko kusini mwake. Kiwanja cha kanisa kwetu kilikuwa kirefu, kimelala kando ya barabara. Lingejengwa kufuata barabara, lingeenea na nafasi ya kuchezea watoto ingebaki. Lakini ukitaka mlango uutazame mlima, lazima uligeuze. Linaipa barabara uso, na mgongo unateremka kuelekea mtoni, unavuka mstari wa makonge ya mpakani, unaingia kwetu.

Mimi sikuyawazia hayo siku ile. Niliendelea kufagia mpaka kukhu alipoanza kusahau majina ya wadogo zangu, nikarudi nyumbani. Nilikuta vigingi kwenye maharagwe. Vilikuwa vimepigwa kwa ufundi, vimeunganishwa kwa kamba, na kamba ilikata uwanja wetu, ikapita kati ya kaburi la baba na la mama, ikageuka karibu na mlango wa jikoni. Kukhu alikuwa ameketi kivulini anaitazama. Aliniambia watu wa serikali walikuja kupima barabara.

Niliving'oa vyote. Vilikuwa vikavu, vikachemsha chai vizuri. Baba mdogo alifika chai ikiwa bado ina moto.

"Umeng'oa vigingi vya kanisa?"

"Nimeng'oa vijiti kwenye maharagwe yangu."

"Yako? Wewe ni msichana. Kesho utaolewa uende kwa watu. Hii ardhi ni ya ukoo."

"Ni ya hawa wavulana wawili."

"Nani amekataa? Lakini hawa ni watoto, na baba yao sasa ni mimi." Alivuta kiti akaketi, akalainisha sauti. "Hebu fikiria heshima yenyewe. Kule Kitale si uliona ile jiwe ya majina kwa ukuta? Watu wakubwa wa Uskoti wanazikwa ndani ya kanisa. Ndugu yangu atalala chini ya madhabahu, na bibi yake kando. Wewe unataka alale kwa maharagwe?"

"Alipenda maharagwe," nikasema.

Kila mtu alijua alichokuwa akitafuta. Kamati ilikuwa imeamua kwamba kwa kuwa la Kitale lina roshani, la kwetu pia litakuwa nayo, na atakayetoa ardhi ya kukamilisha jengo ndiye atakayeketi huko juu na familia yake. Baba mdogo alikuwa na ardhi yake mwenyewe, nzuri, ng'ambo ya mto. Hakuna kigingi kilichopigwa huko.

Shauri lilifika kwa chifu. Chifu yule alikuwa na kipaji kimoja tu, cha kuahirisha, na siku hiyo kilitufaa. Alisema ardhi ya marehemu ni ya wanawe. Alisema mkubwa wa wale wavulana wawili akishatahiriwa na kuwa mwanamume, aulizwe mbele ya wazee, na atakalolisema ndilo litakuwa. Kwa sasa kamati ijenge kwenye kiwanja chake.

Kamati ikafurahi. Ilianza na mlango. Sijui kama kuna kanisa jingine lililoanza kujengwa usoni likingoja kisu cha ngariba ili lipate mahali pa madhabahu.

Nililiona likiinuka siku baada ya siku nikiwa nafua, nikiwa napalilia, nikiwa natwanga. Mawe ya kuchonga hayakupatikana, basi wakatumia matofali ya kuchoma, wakapiga plasta, na juu ya plasta wakachora mistari ya rangi nyeusi ili yaonekane mawe. Viegemeo vya nje walivijenga vikiwa tupu ndani kwa kubana saruji, na kuku wa jirani wakapata mahali pa kutagia. Fundi wa paa alifungwa kamba kiunoni kama mbuzi kwa sababu ya ule mwinuko wa theluji, na kila alipoteleza wanawake barabarani walipiga kelele na baba mdogo akawaambia ndiyo mtindo. Kwenye kijumba cha kengele walining'iniza rimu ya lori. Na mananasi yalikuwapo, juu ya nguzo zote, yamefinyangwa kwa saruji, yamepakwa rangi ya manjano, na majani ya kijani kichwani. Wageni waliuliza kama eneo letu hulima mananasi.

Wakati huo wote mimi nilikuwa na hofu moja, nayo haikuhusu kamati. Ilihusu ndugu yangu. Alikuwa akirefuka, sauti imeanza kuvunjika, na wenzake waliokwisha kutahiriwa walimwita mtoto wakimfukuza kwenye vikao vyao. Alitaka tohara kuliko chakula. Na kwetu mvulana hatahiriwi kama yatima wa barabarani. Lazima mwanamume wa upande wa baba asimame naye, atoe fahali, awapokee wageni. Upande wa baba alikuwapo mmoja tu.

Kwanza baba mdogo alijaribu kuniondoa mimi. Alileta mchumba kutoka Cheptais, mjane mwenye ng'ombe na meno machache, akaketi naye uwanjani kwetu akinisifia kama mtu anayeuza baiskeli.

"Huyu anafanya kazi, hachoki. Mdomo tu ndiyo kidogo."

"Mdomo haunisumbui," mzee akasema.

"Mimi unanisumbua ukiwa umefungwa," nikamwambia. Nilimpa chai, nikamsindikiza mpaka barabarani. Hakuwa mtu mbaya, na aliporudi Cheptais naamini alikuwa na furaha.

Aliposhindwa kwangu akamwendea ndugu yangu. Alimnunulia shati. Alimpandisha kwenye roshani ambayo haikuwa na sakafu bado, wakasimama kwenye mbao za fundi, akamwonyesha kijiji chote kilivyo kidogo ukikiangalia kutoka juu. Alimwambia fahali yuko tayari, mweusi, amenona, na kwamba jambo dogo tu la ardhi litafuata baadaye, wanaume wakizungumza.

Jioni moja ndugu yangu alikuja jikoni akaketi kwenye kigoda. Alishika kuni akawa anaibandua maganda.

"Dada, nikisema ndiyo utafanya nini?"

"Nitahamisha maharagwe."

"Hutakasirika?"

"Nitakasirika. Lakini maharagwe yatahitaji kuhamishwa hata nikiwa nimekasirika."

Akacheka kidogo, akatoka. Nilitaka kuongeza mengi, nikayapeleka kwenye ugali, na ugali wa usiku ule ukawa mgumu kama tofali. Wadogo walikula bila kulalamika.

Agosti ya mwaka wa tohara ilifika. Baba mdogo alitoa fahali kama alivyosema, na katika hilo simdharau. Ndugu yangu alizunguka na njuga zake kualika jamaa, akaimbiwa, na alfajiri akapandishwa kutoka mtoni amepakwa tope kuanzia kichwani mpaka miguuni. Akasimama uwanjani, mbele ya nyumba ya baba, makaburi kushoto kwake. Kamati nzima ya kanisa ilikuwapo. Hapo hapakuwa na kanisa wala mchungaji, palikuwa na wanaume wakimtazama macho kuona kama yatapepesa. Hayakupepesa. Senge yetu, dada yake baba, alipiga vigelegele hadi sauti ikamkauka. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nimeshika ukuta.

Walingoja apone, wakangoja avishwe nguo mpya na kuitwa mwanamume. Kisha wakaja. Walileta viti vyao wenyewe, wakavipanga uwanjani kama watu waliokwisha kufika kwao. Mwenyekiti akavua kofia, akasema maneno mazuri kuhusu baba. Baba mdogo akamaliza kwa kusema kwamba sasa kijana ni mwanamume na wanaume hawaogopi dada zao.

Ndugu yangu alikuwa amesimama. Hakuwa na maneno mengi kwa kawaida.

"Wazee," akasema, "Agosti mlinipata nimesimama wapi?"

"Vipi wapi?" baba mdogo akauliza.

"Nikikatwa. Nilisimama wapi?"

"Si hapa. Kwa uwanja ya baba yako."

"Haya." Akamshika mkono mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa akichungulia mlangoni, akamleta katikati. "Na huyu? Yake ikifika asimame wapi? Kwa madhabahu? Na ile tope yote?"

Mtu mmoja akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Baba mdogo akasema haraka, "Huyu atasimama kwangu. Mimi si baba yake?"

Hapo ndipo mwenyekiti, aliyekuwa ameweka kofia magotini, aliposema.

"Akisimama kwako atakuwa mtoto wako. Hii boma itakuwa imekufa."

Wote waliokuwa pale walisimama uwanjani kwa baba zao, wamepakwa tope, kabla hawajajua zaburi hata moja. Wangeweza kumpa Mskoti paa, madirisha, vizimba vya ndama na mananasi, lakini uwanja wa baba hawakuwa tayari kuutoa, wala kumwona mtu mwingine akiutoa. Wakakunja viti. Baba mdogo alibaki nyuma akimtazama ndugu yangu.

"Nilikupa fahali," akasema.

"Asante, baba mdogo," ndugu yangu akamjibu, kwa heshima yote.

Wangeweza kulibomoa na kuligeuza lifuate barabara, matofali ni yale yale. Mwenyekiti alilipendekeza, naye akapingwa. Kubomoa kungekuwa kukiri mbele ya kijiji jirani kwamba walikosea, na mlango haungetazama mlima tena. Badala yake walilifunga pale pale lilipokuwa limefikia, kwa mbao na mabati, hatua chache kabla ya makonge yetu. Meza ya Bwana ikawekwa mbele ya mabati. Dirisha kubwa la mchongoko, ambalo fundi wa chuma alikuwa amekwisha kulichomelea, lilikaa nje likiegemea ukuta mpaka likaota kutu.

Lilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwa nyimbo na wageni kutoka Bungoma. Sisi tulikuwa nyumbani tunapukuchua mahindi. Mchana mvua ikashuka kutoka ule ule mlima mlango unaoutazama, ikapiga paa na ukuta wa nyuma kwa pamoja, na mchungaji mgeni akaacha kuhubiri kwa sababu hakuna aliyesikia chochote. Senge, aliyekuwa ndani, alituambia baba mdogo alipanda roshani siku hiyo. Hakuna aliyemkaribisha wala aliyemzuia. Aliketi huko peke yake na kalamu zake mbili, na kutoka huko juu, senge alisema, ndiye aliyeyaona mabati vizuri kuliko watu wote.

Msimu uliofuata ndugu yangu alilima upande wa juu, mpaka kwenye makonge na ile nafasi ndogo ya kanisa iliyobaki kati yake na mabati, maana kamati haikuwa na la kuifanyia. Alikuwa ameshika jembe akanifuata nilikokuwa natoa mbegu kwenye gunia.

"Dada, mwenyekiti ameomba tuwaachie njia kando ya mabati. Ati fundi apate mahali pa kupita akija kuyapaka rangi."

"Mwambie nampa salamu."

"Sasa niache njia ama nipande?"

"Panda mpaka ukutani," nikasema. "Wapake kwa ndani."